Umbali wa Dubu: Picha ya Mdoli Msafiri Hupigwaje?

Watu wanaosafiri na dubu wa kuchezea na kumpiga picha kila wafikapo wameongezeka, na picha zao nyingi zina kasoro ileile. Dubu ameketishwa juu ya boneti la gari au meza ya hoteli, mpiga picha amesimama wima, kamera inatazama chini. Nyuma kuna twiga, au mnara, au bahari, lakini havimhusu dubu hata kidogo. Anaonekana kama kitu kilichosahauliwa mahali pazuri. Mara chache hutokea picha ya pili: dubu yuleyule, twiga yuleyule, na mtazamaji anaamini bila kushurutishwa kwamba dubu amefika na anatazama. Tofauti ya picha hizo mbili haitokani na bei ya kamera. Inatokana na umbali: kutoka kamera hadi ardhini, kutoka kamera hadi kwa dubu, na kutoka kamera hadi kwa kile alichokuja kukiona. Uchambuzi huu unahusu hesabu ya umbali huo.

Kwanza niseme kwa nini tujisumbue. Mwaka 2010, mjini Tokyo, Sonoe Azuma alianzisha Unagi Travel, wakala wa safari ambao abiria wake ni midoli. Mwenye mdoli huutuma kwa posta, nao hutembezwa pamoja na midoli mingine, picha zikiwekwa Facebook safari ikiendelea. Mwisho hurudishwa nyumbani kwa posta vilevile. Baadhi ya wateja wake ni watu ambao maradhi au ulemavu umewafungia safari. Kwa mtu wa namna hiyo, dubu ni mjumbe wake. Picha ikiwa mbovu, mjumbe hakufika. Ndiyo maana siichukulii kazi hii kama mchezo wa watoto, ingawa watoto nao wana haki ya kuipata ikiwa imefanywa vizuri.

Tuanze chini. Katika picha yoyote iliyopigwa mahali tambarare, upeo wa macho, pale mbingu na ardhi zinapokutana, hukaa kwenye usawa wa kamera. Kamera ikiwa mita 1.6 kutoka ardhini, kila kilicho kifupi kuliko hapo huangukia chini ya mstari huo. Dubu mwenye sentimita 30 huzama kabisa, nyuma yake kukiwa na vumbi au vigae tu. Shusha kamera hadi sentimita 25, usawa wa macho yake, na upeo unapita usoni pake. Sasa ana mbingu nyuma ya masikio. Nyasi zimekuwa ndefu, ngazi ya mlangoni imekuwa ya kupandwa kwa bidii, na mtu anayepita ni jitu. Hakuna pambo lolote, kofia wala skafu, linaloweza kufanya kazi hii badala ya kimo cha kamera. Anayetumia simu aigeuze juu chini ili lenzi ikaribie ardhi. Anayetumia kamera kubwa alale kifudifudi, au ainue kioo cha nyuma kama kamera yake inaruhusu.

Dare Wright, mwanamke aliyekuwa mpiga picha New York, aliujenga umaarufu wake juu ya uamuzi huu mmoja. Kitabu chake *The Lonely Doll* cha mwaka 1957, chenye picha za rangi nyeusi na nyeupe, kinafuata maisha ya mwanasesere Edith na dubu wawili, mkubwa na mdogo. Aliwaweka katika dunia ya ukubwa wa binadamu, kisha akaishusha kamera hadi walipo. Tangu hapo wapiga picha wengi wamenunua kamera bora kuliko ya Wright, na bado picha zake ndizo ninazompa anayeanza azitazame.

Umbali wa pili na wa tatu huenda pamoja, na hapa ndipo penye utajiri. Ukubwa wa kitu ndani ya picha hutokana na kimo chake kugawanywa kwa umbali wake kutoka kwenye lenzi. Dubu wa sentimita 30 akiwa sentimita 90 mbele ya kamera, jibu ni theluthi moja. Kitu kingine chochote chenye jibu hilohilo kitaonekana kina kimo sawa naye. Mnara wa Elizabeth wa London, ule wenye kengele ya Big Ben, una mita 96. Simama mita 288 kutoka hapo, nao unalingana na dubu. Tokyo Tower ina mita 333. Rudi nyuma hadi karibu kilomita moja. Vimo vya minara mashuhuri hutangazwa, na ramani ya simu hutoa umbali, kwa hiyo mpiga picha anaweza kuamua akiwa bado chumbani ni barabara gani au ng'ambo ipi ya mto itamfaa. Akitaka mnara umzidi dubu, asogee karibu nao. Akitaka dubu atawale picha, arudi nyuma.

Lenzi huingia baada ya hapo. Kwenye kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 24 itampa dubu huyo aliye umbali wa sentimita 90 theluthi ya kimo cha picha iliyolazwa, kiasi ambacho uso wake unasomeka na mji una nafasi. Tundu la lenzi likiwekwa f/11 na fokasi ikilengwa kama mita 1.75, ukali huanza takriban sentimita 87 kutoka kwenye lenzi na kuendelea hadi upeo wa macho. Dubu na mnara wote wawili wanasomeka bila kuunganisha picha. Wengi hulenga fokasi kwenye pua ya dubu na kupoteza mji mzima. Fokasi inapaswa kwenda nyuma yake kidogo.

Simu za mkononi zina kihisi kidogo, na udogo huo husaidia hapa kwa sababu ukali wake huenea mbali kwa urahisi zaidi. Wenye simu wengi huiharibu faida hiyo kwa kuwasha mpangilio wa kupiga sura, ule unaofifisha nyuma kwa programu. Programu hiyo hutafuta kingo za mtu. Manyoya ya dubu huichanganya, ikamkata sikio au kumwachia ukingo mweupe kuzunguka kichwa, na wakati huohuo ikaifuta London aliyosafirishwa kwenda kuiona. Uzimwe kabisa.

Jiji, basi, ni rahisi. Minara haitembei, vimo vinajulikana, na miguu ya mpiga picha iko huru kwenda mbele na nyuma. Mbugani hesabu ileile inageuka kuwa ngumu. Tembo dume mkubwa hufikia mita 3 na zaidi begani. Ili alingane na dubu wetu kwa kanuni ya theluthi moja, angepaswa kuwa mita 9 kutoka kwenye kamera. Umbali huo ni wa hatari, na hakuna picha inayoustahili. Dereva mwenye busara humwachia tembo nafasi. Sasa mweke tembo mita 30, umbali wa heshima, na lenzi ileile ya milimita 24 itampa asilimia 10 tu ya kimo cha picha. Amekuwa doa la kijivu nyuma ya sikio la dubu. Hii ndiyo siri ya picha nyingi za safari zinazosikitisha: mnyama alikuwepo, macho yalimwona vizuri, kamera ikamfanya punje.

Dawa ni kumsogeza dubu mbali na kamera na kutumia lenzi ndefu. Ndani ya Land Cruiser yenye paa la kuinuliwa, mpiga picha akisimama nyuma kabisa na dubu akiwekwa ukingoni mwa paa upande wa mbele, mita 1.5 hupatikana. Lenzi ya milimita 70 itampa dubu zaidi kidogo ya nusu ya kimo cha picha, na tembo wa mita 30 karibu asilimia 30. Dubu ni mara mbili ya tembo, na jicho linakubali kwa kuwa linatambua yupi yuko karibu. Kamera na ishikwe usawa wa macho ya dubu hapa pia, ili dubu na tembo wakutane kwenye mstari mmoja badala ya dubu kuning'inia juu ya nyika.

Gharama ya lenzi ndefu ni ukali. Kwa milimita 70, hata kwa f/11, dubu akiwa kwenye fokasi tembo atalainika kingo. Hapa uchaguzi wa mnyama unakuwa sehemu ya ufundi. Umbo la tembo linastahimili ukungu: mkonga, masikio, mgongo, mtu humtambua hata akiwa amefifia. Twiga vivyo hivyo, na mbuni. Simba aliyelala kwenye nyasi kavu hastahimili. Rangi yake ni ya nyasi, umbo lake limejikunja, na ukimfifisha kidogo anabaki nyasi. Duma ni mgumu zaidi. Kwa hiyo dubu apigwe picha na tembo na twiga, na simba aachwe kwa picha za peke yake. Wapo wanaopiga picha mbili, moja yenye fokasi kwa dubu na nyingine kwa mnyama, wakaziunganisha baadaye. Inafanyika, mradi gari limezimwa injini, kamera imetulizwa kwenye mfuko wa mchele au maharage, na mnyama amesimama.

Mfano mzuri wa kanuni hii ni Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Kutoka katikati ya Amboseli, Kibo iko karibu kilomita 48, na kwa kuwa uwanda wenyewe uko juu, mlima unainuka kama mita 4,700 mbele yako. Gawanya, utapata karibu sehemu moja ya kumi. Ni uwiano uleule wa tembo wa mita 3 aliye umbali wa mita 30. Dubu akiwa sentimita 90 kutoka kwenye kamera atauzidi mlima mara tatu, na mlima mrefu kuliko yote Afrika utaonekana kilima. Msogeze dubu hadi mita 3, tumia lenzi ya milimita 85, na wawili hao wanalingana, kila mmoja akichukua kama theluthi ya kimo cha picha. Mita 3 hazipatikani ndani ya gari. Zinapatikana Observation Hill, mahali ambapo wageni wa Amboseli wanaruhusiwa kushuka, au kwenye uwanja wa nyumba ya wageni. Nenda alfajiri, mawingu hayajaufunika mlima.

Anayetaka mbuga na jiji ndani ya fremu moja anapo pa kwenda. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ya kwanza nchini Kenya, ilianzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 na inapakana na mji mkuu. Jengo la Britam lina mita 200. Kutoka kilomita 8 uwiano wake ni mdogo mno kwa lenzi pana, lakini lenzi ya milimita 200 hulipa jengo hilo sehemu moja ya tano ya kimo cha picha, na dubu aliyewekwa mita 5 mbele ya kamera atachukua nusu. Tafuta kituo kinachoruhusiwa kushuka, chenye uwazi kuelekea mjini. Hiyo ndiyo picha ninayoiona ngumu kuliko zote katika aina hii, na nzuri kuliko zote ikifaulu.

Umbali ukishatulia, mwanga ndio unaobaki kumthibitisha dubu. Manyoya ya kahawia hunywa mwanga, na jua la adhuhuri karibu na Ikweta, likiwa utosini, humtia kivuli machoni. Macho yake ni ya kioo au plastiki nyeusi. Yasipopata nukta moja ya mng'ao yanakuwa matundu. Chini ya paa la gari tatizo linazidi kwa kuwa dubu yuko kivulini na nyika inawaka jua. Pima mwanga kwa nyika, kisha mrudishie dubu mwanga kwa karatasi nyeupe iliyoshikwa chini ya kidevu, nje ya fremu. Asubuhi kabla ya saa tatu na jioni baada ya saa kumi na nusu, jua hupiga kwa ubavu na kila unywele unaonekana.

Manyoya hayo yana maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mfululizo wa televisheni wa Paddington, dubu wa hadithi za watoto, ulioanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 1976, kazi ya Ivor Wood wa kampuni ya FilmFair, ulimtumia dubu wa kikaragosi halisi, mwenye unene na manyoya, akasogezwa kidogo kidogo na kupigwa fremu baada ya fremu. Watu na mandhari yaliyomzunguka yalikuwa ya karatasi bapa. Mtazamaji hakuwa na njia ya kumtazama mwingine, kwa sababu dubu peke yake ndiye aliyepokea mwanga na kutoa kivuli kama kitu hai. Mpiga picha wa barabarani hana karatasi bapa, ila anaweza kupata matokeo ya karibu: jua likiwa nyuma ya dubu kwa pembeni, manyoya yanawaka ukingoni na umbo lake linajitenga na ukuta au msitu.

Kivuli hichohicho ndicho kinachofichua picha za kubandika, zile ambamo dubu alipigwa sebuleni na mnara ukapatikana kwingine. Jua la mnara linatoka kushoto, la dubu linatoka dirishani kulia, na miguu yake haigusi chochote. Filamu ya Paddington ya mwaka 2014 ilimtengeneza dubu kwa kompyuta, lakini kazi ya kiwango hicho huanza kwa kunasa mwanga wa mahali halisi na kumvika dubu mwanga uleule. Kubandika bila hatua hiyo ni kumdanganya mwenye dubu, na kwa wateja wa aina ya wale wa Tokyo nauona ni udanganyifu mbaya.

Kuhusu mkao sitakaa sana. Dubu bora wa kupigwa picha ni mwenye viungo vinavyozunguka, kwa sababu macho yake hayazunguki, na njia pekee ya kumfanya atazame mnara ni kugeuza kichwa chote. Viungo hivyo si jambo jipya: dubu wa 55 PB, aliyebuniwa na Richard Steiff mwaka 1902 katika kiwanda cha shangazi yake Margarete huko Giengen, Ujerumani, alikuwa na kichwa na viungo vinavyosogea, na mwaka 1903 mnunuzi wa Marekani aliagiza 3,000 kwenye maonyesho ya Leipzig. Dubu asiye na viungo huhitaji kijiti mgongoni au uzi wa kuvulia samaki. Shirley Clarkson, aliyeshona dubu wa kwanza wa Paddington wa kuuzwa mwaka 1972, alimvalisha mabuti ya mpira ili asimame wima. Yale mabuti yanayopendwa na watoto yalianza kama suluhisho la fundi. Na mgeuze dubu. Akiitazama kamera kila mara, ni picha ya pasipoti. Akitupa mgongo na nusu ya shavu, macho yetu yanafuata yake hadi kwenye twiga.

Afrika kusini ya Sahara haina dubu wa porini. Michael Bond, mwandishi wa Paddington, alikusudia kumleta dubu wake kutoka Afrika, hadi wakala wake alipomkumbusha jambo hilo, ndipo kitabu cha mwaka 1958 kikamtoa Peru. Ugeni huo ni nguvu ya picha ya safari: dubu nyikani hawezi kuwa mwenyeji, lazima awe amesafiri. Na jina la tedi lenyewe lina historia ya mbugani. Theodore Roosevelt, rais wa Marekani aliyekataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa kamba huko Mississippi mwaka 1902 na kuwapa watengeneza midoli jina lake la utani, Teddy, alishuka Mombasa Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit, mmoja wa wapiga picha wa msafara. Baba na mwana waliua wanyama 512. Baadaye Roosevelt alizunguka miji mikubwa ya Ulaya. Nafurahi kwamba dubu wenye jina lake wanaopita njia hiyohiyo leo wanachukua picha tu.

Hata hivyo wanaweza kuleta madhara. Mdoli usirushwe wala kuwekwa ardhini kumvutia mnyama. Nyani na tumbili hunyakua haraka, na mnyama akimeza jicho la plastiki au pamba ya ndani anaweza kufa. Mfunge dubu kwa uzi kwenye chuma cha paa. Usishuke garini nje ya vituo vilivyoruhusiwa, hata kama hesabu ya mita 3 inakuvuta. Mfunge kwa kanga au kitambaa dhidi ya vumbi, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania bara na visiwani haitakiwi pia. Mjini, katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar au penginepo, watu si mandhari ya dubu. Msalimie mwenye duka, mweleze dubu ni wa nani na kwa nini amekuja, omba ruhusa. Ukiambiwa hapana, geuza kamera.

Jambo la mwisho ni la utambulisho. Dubu apigwe kama alivyo: sikio lililoshonwa upya lionekane, utepe uliofifia usibadilishwe kwa mpya. Mwenye dubu huvitafuta vitu hivyo kwanza kabla ya kutazama mnara. Kwa hiyo, msomaji unayejiandaa kusafiri, muulize bibi asiyeweza tena kupanda basi, au mtoto aliyelazwa wodini, kama ana dubu angependa umpeleke. Muulize pia angependa dubu akaone nini. Chukua futi kamba, pima kimo chake kabla hujaondoka, na picha zikiwa tayari zichapishe kwenye karatasi umpelekee mkononi pamoja na dubu wake.